Maktaba na Msomaji Asiyetaka Kuonekana

Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kabianga anayetaka kusoma uamuzi wa Mahakama ya Juu wa Februari 2023, ulioruhusu watetezi wa wapenzi wa jinsia moja kusajili shirika lao, ana sababu ya kusita. Katika vijiji vya majani chai vya Kericho na Bomet, mwazimishaji vitabu aweza kuwa jirani ya mzazi wake. Wajibu wa kwanza wa maktaba, basi, ni kutunza siri ya uazimaji; hata Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 yaelekea huko.

Wapo watakaodai kwamba sheria yakataza. Kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu, ambacho Mahakama Kuu ilikataa kukibatilisha mwaka 2019, huadhibu tendo, si usomaji.

Wanakiswahili nao wana kazi: istilahi za katalogi. Neno “shoga”, ambalo wanawake wa pwani huitana kwa urafiki, kwingineko limegeuka tusi. Mkutubi akiliandika kuwa kichwa cha mada, msomaji huyo atakuwa amekwisha kuhukumiwa kabla hajafungua kitabu.