Dawa ya Choo Kigumu Iko Nyumbani

Watu wazima huja zahanati kuniomba haluli. Husema kwa sauti ya chini, maana wanaona aibu. Hakuna aibu. Mtu mmoja huenda haja mara 3 kwa siku, mwingine mara 3 kwa wiki, na wote ni wazima. Shida ni kinyesi kikiwa kigumu na kutoka kwa maumivu, au kutoka chini ya mara 3 kwa wiki.

Mimi ni tabibu kijana. Hata hivyo nasema, dawa ya kwanza haimo katika kabati langu. Iko nyumbani kwako.

Tunapeleka mahindi mashineni, tunakoboa, pumba tunawapa kuku. Sisi tunabaki na sembe nyeupe. Lakini pumba ndizo zenye nyuzinyuzi. Nyuzinyuzi hushika maji tumboni, kinyesi kikawa laini. Tunawapa kuku dawa yetu! Saga dona. Kula maharage, mchicha, kisamvu na mapapai. Ongeza kidogo kidogo, tumbo lisijae gesi.

Tena unywe maji. Shambani tunatoka jasho kutwa, na maji tunakunywa jioni. Mwili ukikosa maji, utumbo huyanyonya kutoka katika kinyesi, nacho hukauka. Beba dumu la maji yaliyochemshwa.

Sasa nakuja kwenye jambo linaloniuma zaidi. Ni kujizuia haja. Wanawake ndio wanaoteseka. Choo cha nyumbani hakina mlango, au kiko kando ya njia. Mama anangoja giza liingie. Haja iliyozuiwa hupotea, na kinyesi hukaa ndani kikikauka. Akizoea hivyo, hata haja yenyewe haimwiti tena sawasawa. Baba, wewe unaingia kichakani wakati wowote. Mkeo hawezi. Kama shimo lipo, kuta za mabua na mlango wa gunia ni kazi ya siku moja. Kwa nini unaniletea mkeo nimpe haluli?

Mama mjamzito, vidonge vya kuongeza damu vinaweza kukaza choo. Usiviache. Njoo tuzungumze.

Lakini ukiona damu katika kinyesi, au unakonda bila sababu, njoo upimwe. Na tumbo likivimba, ukatapika, na hata hewa haitoki, usinywe haluli wala mizizi. Njoo saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.