Kibaba cha Mwanagenzi wa Udi

Haba na haba hujaza kibaba. Lakini asiyechungulia kibaba chake atajuaje kama kinajaa au kinavuja? Swali hili lamhusu kila mwanagenzi wa udi, ala mashuhuri katika taarabu ya Mombasa na Unguja. Shingo ya udi haina vigawanyo kama ya gitaa. Sauti sahihi hutafutwa kwa kidole na kuthibitishwa kwa sikio. Kwa hivyo, hatua anazopiga mwanagenzi hazionekani kwa macho, na si ajabu akakata tamaa ilhali anasonga mbele.

Yamkini watakuwapo watakaodai kwamba mafundi wa kale hawakuhitaji daftari. Hata ikiwa hivyo, aliyeketi kila siku karibu na fundi alikuwa na daftari lake: sikio la fundi. Anayemwona mwalimu mara moja tu kwa juma hana sikio hilo. Basi na ajirekodi kwa simu kila Ijumaa, wimbo uleule, kisha aandike ni kidole kipi kilichokosea na mapigo yalilegea wapi. Wingi wa saa si kipimo. Kosa lililokoma ndilo kipimo.