Uchambuzi: Kibao cha mwendo hakitoshi pale barabara kuu inapoingia kijijini

Malori yanayopakia shehena katika Zone Industrielle, mtaa wa viwanda na maghala jijini Bujumbura, huondoka mjini kwa njia kadhaa. Yanayoelekea bara hupanda milima kwa Barabara ya Kitaifa namba 1, maarufu RN1, hadi Bugarama. Yanayokwenda Cibitoke hukata uwanda wa Imbo kwa RN5, na ya Rumonge hufuata ufuo wa Ziwa Tanganyika kwa RN3. Njia hizo tatu hazifanani kimaumbile, lakini zote hupita katikati ya makazi, mbele ya milango ya nyumba, shule na magulio.

Barabara iliyojengwa ili kuharakisha biashara ya taifa ndiyo hiyo hiyo anayoivuka mtoto anayekwenda kuchota maji. Swali linaloziumiza vichwa serikali za Afrika Mashariki ni nani kati ya hao wawili anayepaswa kumpisha mwenzake.

Soko hufuata barabara

Juni 30, 2023, lori lililopoteza mwelekeo katika makutano ya Londiani, kaunti ya Kericho nchini Kenya, liligonga magari mengine na kuwaparamia wachuuzi na abiria waliokuwa kando ya njia. Zaidi ya watu 50 walipoteza maisha. Baada ya msiba huo, viongozi walizungumzia haja ya kuyaondoa masoko yaliyo pembezoni mwa barabara kuu.

Rai hiyo inaeleweka, lakini inagusa upande mmoja tu wa tatizo. Wauza mboga na matunda wa Bugarama wanaijua hatari ya mahali walipo. Wapo hapo kwa sababu mteja wao yumo ndani ya gari linalopita. Soko likihamishiwa mahali ambapo dereva halioni, wachuuzi watarejea barabarani ndani ya siku chache. Kwa hiyo hatua ya kuwasogeza watu haiwezi kufaulu bila hatua ya pili, ambayo ni kuyapunguzia magari mwendo.

Hesabu ya sekunde moja

Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa husafiri takribani mita 22 kila sekunde. Kwa kilomita 50 husafiri mita 14, na kwa kilomita 30 ni mita 8 tu. Dereva akihitaji sekunde moja kutambua kwamba mtu ameingia barabarani, umbali huo wote hupotea kabla mguu haujagusa breki. Isitoshe, kani ya mgongano haiongezeki sambamba na kasi: mwendo ukiongezeka maradufu, nishati ya pigo huwa mara nne.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 1.19 walifariki katika ajali za barabarani mwaka 2021, na zaidi ya nusu ya wanaokufa hivyo ni watembea kwa miguu, waendesha baiskeli na waendesha pikipiki. Azimio la Stockholm la Februari 2020 lilihimiza ukomo wa kilomita 30 kwa saa pale watu wa makundi hayo wanapochangamana na magari.

Barabara inayomwonya dereva

Kuandika tarakimu kwenye kibao ni kazi rahisi. Ugumu ni kwamba dereva aliyekwenda kasi kwa muda mrefu huizoea kasi hiyo, na akipunguza kidogo huhisi kana kwamba anatambaa. Ndiyo maana wahandisi husisitiza kuwa umbo la barabara lenyewe limwonyeshe kwamba ameingia mahali pengine: njia iliyofanywa nyembamba, kingo za juu, miti, taa, kivuko kilichoinuliwa, na mistari ya matuta madogo yanayotikisa gari mapema.

Ghana inatoa mfano. Katika makutano ya Suhum, kwenye barabara ya Accra kwenda Kumasi, matuta madogo ya aina hiyo yalipunguza ajali kwa takribani asilimia 35 na vifo kwa asilimia 55. Hakukuhitajika mitambo ya gharama kubwa wala askari wa kusimama hapo usiku kucha.

Hata hivyo, dawa ya uwandani yaweza kuwa sumu mlimani. Kutoka Bugarama hadi Bujumbura barabara huteremka zaidi ya mita 1,000 kwenda chini. Lori lenye shehena ambalo breki zake zimekwisha kupata moto haliwezi kusimamishwa na tuta kali la ghafla, na mwendesha baiskeli aliyebeba ndizi anaweza kurushwa nalo. Huko kunahitajika maegesho ya kukagulia breki kabla ya mteremko, njia za dharura za kulipokea lori lililoshindwa kusimama, na maonyo yanayoanza mbali na nyumba ya kwanza. Matuta yakiwekwa, yaachwe na upenyo pembeni kwa ajili ya baiskeli.

Wajibu unaoanzia ghalani

Mwendo wa lori kijijini huamuliwa kwa sehemu kabla halijatoka kwenye lango la ghala: kwa uzito uliopakiwa, hali ya breki, na saa aliyopangiwa dereva kufika. Pale dereva anapolipwa kwa idadi ya safari, kila kijiji anachopunguza mwendo humgharimu fedha. Mmiliki wa mzigo aliyeko Zone Industrielle hawezi, basi, kudai kwamba usalama ni kazi ya polisi pekee.

Tukichukua kijiji chenye urefu wa kilomita moja, kukipita kwa kilomita 30 kwa saa huchukua dakika mbili, ilhali kwa kilomita 80 huchukua sekunde 45. Tofauti ni dakika moja na robo. Hicho ndicho kiasi cha muda ambacho biashara inaombwa kukitoa katika kila kijiji, na ni kidogo mno kikilinganishwa na uhai wa wanaoishi humo.