Paka Jike Aliaye Usiku Kucha

Katika nyumba za askari, Naguru hata Mbuya, paka ni mlinzi wa posho. Bila yeye, gunia la unga ni la panya. Basi jike aanzapo kulia usiku, kugaagaa sakafuni na kuinua kiuno, wengine hudhani amerogwa. La! Yu katika joto, na huweza kulipata angali na miezi minne au mitano tu. Asipopandwa, joto hukaa kama juma moja, likatulia, kisha likarudi baada ya majuma mawili au matatu.

Paka wa Ulaya hupumzika majira ya baridi, siku zinapokuwa fupi. Kampala iko karibu na Ikweta. Mchana wetu ni wa saa 12 mwaka mzima, hivyo paka wetu hana likizo. Hubeba mimba kama siku 65, na aweza kushika nyingine angali akinyonyesha. Mwenye nyumba akipewa uhamisho, vitoto hivyo huachiwa nani? Jalala la kambi lajua.

Husemwa kwamba lazima azae kwanza. Si kweli. Akitolewa kizazi kabla ya miezi sita, hatari ya saratani ya matiti hupungua sana, na panya atawawinda vile vile. Vidonge vya uzazi vya akina mama asipewe kamwe. Huweza kumwozesha kizazi.

Mpelekeni kwa daktari wa mifugo. Baadaye afungiwe ndani siku kumi, asirukeruke, mpaka mshono ukauke.