Kitambi cha Bosi Kinatuziba Macho

Mchora katuni akitaka mtu mnene hahangaiki: suti, mkanda uliozama chini ya tumbo, sahani ya nyama choma. Tunacheka, na kila anayecheka anajitoa, maana aliyechorwa ni bosi. Unene, tunaambiana, ni maradhi ya wenye nazo.

Mtetezi wa imani hiyo atanitolea takwimu, na kweli anazo: tafiti zinaonyesha unene ukipanda kadiri kaya inavyopanda ngazi ya utajiri. Ila utajiri huo unapimwaje? Mhoji wa utafiti wa afya hapimi mshahara. Anatazama sakafu, ya saruji au ya udongo. Anauliza umeme, televisheni, maji yanatoka wapi. Kisha kaya za nchi nzima zinapangwa na kukatwa mafungu matano. Kwa vile saruji na umeme vimejaa mjini, mpangaji wa chumba kimoja Mbagala anaweza kabisa kuangukia fungu la juu, bega kwa bega na mwenye jumba la Masaki. Tajiri wetu huyo anauza vitumbua.

Utafiti wa Tanzania wa 2015-16 ulikuta wanawake 28 katika kila 100 wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi. Mjini 42, vijijini 21. Kenya, mwaka 2022, ilikuwa wanawake 45 katika 100, wanaume 19. Bosi wa katuni hata si kinara.

Kinara yuko sokoni. Amekaa kwenye kigoda tangu alfajiri, kifungua kinywa chapati na chai ya sukari nyingi, kwa sababu ndicho kinachoshibisha kwa hela aliyonayo. Mapapai yaliyo mbele yake ni ya kuuza, si ya kula. Anashuka daladala usiku, anasonga ugali, anakula, analala. Halafu mtaalamu anamshauri akimbie jioni. Akimbilie wapi, kwenye uchochoro usio na taa, na vijana wa kijiweni wakimpigia miluzi?

Siku akienda zahanati kwa kizunguzungu ndipo anaambiwa presha imepanda. Akirudi nyumbani, majirani wanamtazama kuanzia kichwani hadi miguuni na kumpongeza: mama, umenawiri, baba watoto anakutunza.