Kitabu cha Maua ya Mwituni: Usichague kwa Picha

Leo naweka lugha za programu kando kidogo, ingawa mtaona hatuendi mbali nazo. Mimi ni mpenzi wa kutembea milimani, hasa Ngong, na wenzangu wa kazini huniuliza swali hili mara kwa mara: mtu anayetaka kujua majina ya maua ya mwituni anunue kitabu gani?

Wengi hufungua kitabu dukani, wakaona picha za kuvutia, wakalipa. Kwa maoni yangu hiyo ni sawa na kununua tarakilishi kwa sababu ya rangi ya kasha lake. Kitabu cha kutambua maua ni hifadhidata iliyochapishwa. Swali la kwanza si "picha zake ni nzuri?" bali "nitatafutaje ndani yake?"

Tuchukue vitabu viwili vinavyojulikana sana hapa kwetu. Cha kwanza ni cha Michael Blundell kuhusu maua ya mwituni ya Afrika Mashariki, kilichotolewa na Collins mwaka 1987. Hiki kina picha nyingi za rangi. Cha pili ni Upland Kenya Wild Flowers cha Agnew, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1974, kikarudiwa 1994 na tena 2013. Hiki kina michoro ya wino na maandishi mengi madogo. Ukiviweka mezani, macho yatakwenda kwa Blundell. Mimi ningekwambia ununue Agnew kwanza.

Kwa nini? Kwa sababu Agnew amekupa ufunguo. Ufunguo ni mfululizo wa maswali: je, majani yanatazamana mawili mawili kwenye shina, au yanapishana moja moja? Petali zimeungana au zimeachana? Kila jibu linakupeleka kwenye swali jingine hadi ufike kwenye jina. Mwanaprogramu yeyote atautambua huo mti wa "kama hivi, nenda pale". Na hesabu yake inafurahisha. Flora of Tropical East Africa, ile kazi kubwa ya wanabotania iliyochapishwa sehemu kwa sehemu kati ya 1952 na 2012, ina spishi zaidi ya 12,000 za Kenya, Uganda na Tanzania. Kama kila swali lingegawa mimea iliyobaki katikati, maswali 14 yangetosha kutofautisha mimea 16,384! Funguo za kweli hazigawi sawasawa namna hiyo, lakini bado zinakufikisha haraka kuliko kupekua picha moja baada ya nyingine.

Kuna ubaya mwingine wa kutegemea picha. Angalia lantana, ule mmea wa Marekani ya kitropiki uliovamia vichaka vyetu. Kwenye kishada kimoja, maua machanga huwa ya manjano na yaliyokomaa huwa ya waridi au mekundu. Kitabu kilichopanga maua kwa rangi kitauweka wapi? Au chukua familia ya alizeti. Unachokiita ua moja kwa hakika ni maua mengi madogo yaliyobanana pamoja, na spishi mbili huweza kutofautiana kwa vinyweleo vya mbegu tu. Picha iliyopigwa kutoka juu haitakuonyesha hilo.

Kabla ya kulipa, basi, angalia mambo haya:

1. Mipaka yake. Agnew anashughulikia nyanda za juu za Kenya, tena mimea isiyo miti wala vichaka vikubwa. Ukiishi Malindi hatakufaa sana. Blundell anakwenda mbali zaidi kijiografia, lakini amechagua sehemu tu ya mimea iliyopo. Ua lako likikosekana, kitabu hakitakwambia "halimo". Utaona tu linalofanana nalo, utalichukua.

2. Toleo lake. Majina ya kisayansi hubadilika kama matoleo ya programu. Mfano mkubwa ni migunga yetu: baada ya mkutano wa wanabotania wa Vienna mwaka 2005, uliothibitishwa Melbourne 2011, jina Acacia lilibaki na ndugu zao wa Australia, na mingi ya kwetu ikaitwa Vachellia na Senegalia. Kitabu cha zamani si kibaya, ila ujue utahitaji kutafsiri.

3. Majina ya kienyeji. Nayapenda, na kitabu kisichoyajali kina upungufu. Lakini yasiwe peke yake. "Mnavu" au "managu" ni jina la spishi kadhaa za jenasi ya Solanum, na mmea mmoja huwa na jina tofauti kila kaunti. Jina la kisayansi ndilo linalounganisha taarifa zote.

Najua mtaniuliza kuhusu rununu. Zipo programu kama iNaturalist na Pl@ntNet, nami nazitumia. Lakini programu inayolinganisha picha inajua vizuri kile ilichoonyeshwa mara nyingi, na maua ya Ulaya yamepigwa picha nyingi kuliko ya Loita. Tena inakupa jibu bila kukuonyesha njia. Ufunguo ukikupoteza, unaweza kurudi hatua moja moja hadi uone ulipokosea. Ichukulie rununu kama dokezo, halafu hakikisha kwa kitabu.

Kwa nini nasisitiza hivi juu ya jambo la burudani? Kwa sababu watu hula na kujitibu kwa majina haya. Gloriosa superba, lile ua lenye petali sita nyekundu na manjano zilizopinda kama miali ya moto, lina sumu ya kolkisini mwili mzima, na zaidi kwenye kiazi chake cha chini ya ardhi. Kiazi hicho kimewahi kudhaniwa chakula na kuua watu. Jina likikosewa, kila unachosoma mtandaoni kuhusu jina hilo unakipachika kwenye mmea usio wake.

Mwisho, fanya tunavyofanya na programu: ijaribu kwa data ambayo jibu lake unalijua. Chuma ua usilo na shaka nalo, nenda nalo dukani, fungua ufunguo, uone kama kitabu kitakufikisha. Kikikufikisha, nunua, ongeza na lenzi ndogo ya mkononi. Blundell atafuata mwezi ujao, mshahara ukiingia.

Haya, mvua zimeanza. Tokeni nje!