NYUMBA NA MAENDELEO: Zuieni Joto Kwanza, Ndipo Mnunue Ubaridi

Juma hili tunajibu swali la kikundi kimoja cha akiba cha familia za askari. Kwa miaka mingi wanachama wake wamekatwa fedha kidogo kidogo katika mishahara yao, na sasa wanajenga mjini Kampala jengo la biashara la ghorofa tatu: chini patakuwa na maduka pamoja na duka la dawa, katikati ofisi za kupangisha, na juu ukumbi wa mikutano. Wauzaji watatu wa mashine za kupoza hewa, ambazo siku hizi tunaziita viyoyozi, wamewaletea mapendekezo matatu, na bei zake zimeachana mno. Wanauliza, waufuate ushauri wa nani?

Swali hili si dogo. Ndani ya fedha hizo imo karo ya watoto, na limo tumaini la wastaafu na wajane. Tena kiyoyozi hununuliwa siku moja, lakini umeme wake hulipwa kila mwezi kwa muda wa miaka kumi au kumi na mitano. Kwa hiyo jibu letu la kwanza ni hili: mtu asichague mashine kabla ya kulichunguza jengo lenyewe, wala asiangalie bei ya dukani peke yake.

Yafaa tuelewe kwanza kazi ya mashine hii. Kiyoyozi hakitengenezi baridi. Huchukua joto lililomo chumbani na kulitupa nje. Gesi maalumu huzungushwa katika mabomba na kompresa. Inapopita ndani ya chumba hufyonza joto, na inapofika nje hulitoa. Mhandisi Mmarekani Willis Carrier alipobuni mtambo wake wa kwanza mwaka 1902, hakuwa na nia ya kuwastarehesha watu. Alitaka kupunguza unyevu katika kiwanda cha uchapaji huko Brooklyn, kwa kuwa karatasi zilikuwa zikivimba na kunywea, na rangi zikachapwa mahali pasipo pake. Hata leo kiyoyozi kina kazi hizo mbili, kuhamisha joto na kupunguza unyevu.

Nguvu ya kuhamisha joto hupimwa kwa kilowati au kwa BTU. BTU 12,000 kwa saa, ambazo mafundi huziita tani moja, ni sawa na kilowati 3.5 hivi. Sasa tuseme ofisi moja ina urefu wa mita 10 na upana wa mita 6, na inafanyiwa kazi na watu 8. Mtu aliyeketi akifanya kazi hutoa joto la wati 120 hivi. Basi watu 8 hutoa karibu kilowati 1. Kompyuta zao na taa huongeza kilowati 1.2. Kuta, dari na hewa iingiayo kutoka nje tuzikadirie kilowati 2. Jumla ya hayo ni kilowati 4.2.

Lakini tuseme ofisi hiyo ina madirisha ya kioo kitupu yenye mita 10 za mraba, nayo yanatazama magharibi. Jua kali la alasiri huweza kuingiza ndani karibu nusu kilowati kwa kila mita moja ya mraba ya kioo. Hizo ni kilowati 5 nyingine, zaidi ya joto la vitu vyote tulivyokwisha kuvitaja! Ofisi hiyo itahitaji mashine mbili za BTU 18,000. Kioo hicho kikikingwa kwa nje, kwa kibaraza, kwa matofali ya matundu au kwa mbao za kuzuia jua, robo tu ya joto hilo huingia, na mashine moja ya BTU 18,000 hadi 24,000 yatosha. Angalieni neno hili, kwa nje. Pazia la ndani halifanyi kazi hiyo sawasawa, kwa kuwa jua limekwisha kuingia. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Nchi yetu imekatwa na mstari wa Ikweta, na hilo ni jambo la manufaa kwa mjenzi anayelijua. Hapa jua la mchana hupita juu ya vichwa vyetu, kwa hiyo ukuta unaotazama kaskazini au kusini hukingwa kwa urahisi na kibaraza kifupi. Zinazoteseka ni kuta za mashariki na magharibi, ambazo jua huzipiga likiwa chini. Basi pande ndefu za jengo na zitazame kaskazini na kusini, na upande wa magharibi uwekewe ngazi, stoo na vyoo. Juu, chini ya mabati, iwekwe dari yenye tabaka la kuzuia joto, kwani bati lililopigwa na jua huwa kama kikaango juu ya vichwa vya watu ukumbini.

Kadhalika hali ya hewa ya mahali ina neno lake. Kampala iko katika kimo cha mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari. Mchana wake mara nyingi haupiti sana nyuzi 28, na usiku hushuka hata nyuzi 17 au 18. Huko Gulu na Arua, katika miezi ya kiangazi, Desemba hadi Februari, jua ni kali zaidi. Mombasa nako usiku wenyewe una joto na unyevu, hata kufungua dirisha hakumpunguzii mtu jasho. Muuzaji anayetoa hesabu moja kwa miji yote hii hajapiga hesabu yoyote.

Usiku wa baridi ni mali. Mjini Harare lipo jengo la maduka na ofisi liitwalo Eastgate, lililofunguliwa mwaka 1996. Msanifu wake, Mick Pearce, akishirikiana na wahandisi wa kampuni ya Arup, alijifunza kutokana na vichuguu vya mchwa. Usiku feni huvuta hewa baridi na kuipitisha katika nafasi zilizoachwa chini ya sakafu za zege. Zege hupoa, na siku ya pili hulimeza joto la mchana. Jengo hilo kubwa halikuwekewa mtambo wa kawaida wa kupoza hewa. Hatusemi kila kikundi kijenge Eastgate yake, lakini madirisha yanayoelekeana, matundu ya juu yenye nondo na wavu, na feni za dari, ni mambo yaliyo ndani ya uwezo wetu. Feni hutumia wati 50 hadi 75 tu, na upepo wake humfanya mtu ajisikie kana kwamba joto limepungua nyuzi 2 au 3.

Baada ya kuzuia joto, ndipo tuyatazame mapendekezo matatu waliyoletewa ndugu zetu.

La kwanza ni viyoyozi vya vipande viwili, kimoja ndani na kimoja nje, kila chumba na chake. Bei yake ni nafuu, mafundi wake ni wengi, na kimoja kikiharibika vingine huendelea. Tena mpangaji huweza kukifunga katika mita yake mwenyewe. Ubaya wake ni kwamba vikiwa vingi huujaza ukuta wa nje kama vidonda, maji yake huwadondokea wapita njia, na vingi havileti hewa mpya. Huizungusha ile ile iliyomo ndani.

La pili ni mtambo mmoja wa nje unaopeleka gesi kwenye vyumba vingi, kila chumba kikipata kadiri ya haja yake. Kampuni ya Daikin ya Japani ilitoa mtambo wa namna hii mwaka 1982. Hubana umeme vizuri pale ambapo vyumba havitumiki vyote kwa wakati mmoja, na hulipendezesha jengo. Lakini bei yake ni kubwa, huhitaji fundi aliyefunzwa hasa, na ukiharibika ghorofa nzima huweza kukosa hewa baridi. Aidha gharama za umeme zawajia wenye jengo, nao huanza kugombana na wapangaji juu ya kuzigawa.

La tatu ni mtambo mkuu wa kupoza maji, ambayo husukumwa kwa pampu hadi kila ghorofa. Huu hufaa hoteli kubwa, hospitali na majengo marefu yenye wahandisi wake. Aina nyingine ya mitambo hii hutumia mnara wa kupozea maji, na mnara huo usiposafishwa na kutiwa dawa huweza kuzaa maradhi. Mwezi wa Julai mwaka 1976, askari wa zamani wa chama cha American Legion walikutana hotelini katika mji wa Philadelphia, Marekani. Baada ya mkutano wengi wao walishikwa na homa ya mapafu, na 29 wakafariki. Mapema mwaka 1977 wataalamu waligundua bakteria waliosababisha maafa hayo, ambao baadaye waliitwa Legionella, na mtambo wa kupoza hewa wa hoteli ndio ulioshukiwa kuwaeneza.

Maoni yetu basi ni haya. Kwa jengo la ghorofa tatu lenye wapangaji mbalimbali, mtambo mkuu wa maji ni mzigo usiobebeka, na ule wa gesi ya pamoja ni vigumu kuutetea mbele ya wanachama. Kikundi kitumie fedha zake kukinga jua, kuweka dari na kupitisha hewa. Halafu kiandae njia tu katika kila ofisi: tundu la bomba ukutani, bomba la kutoa maji, jukwaa la kuwekea kipande cha nje, na waya wa shaba wenye unene wa kutosha uliounganishwa na mita ya chumba hicho. Mpangaji atakayetaka ubaridi atanunua mashine na kulipa umeme wake. Kikundi chenyewe kinunue viyoyozi vya ukumbi, pamoja na cha duka la dawa, kwa sababu dawa nyingi huandikwa zisiwekwe mahali penye joto lipitalo nyuzi 25 au 30, na dawa iliyoharibika humdhuru mgonjwa bila ya kumwonya.

Wakati wa kununua, ulizieni kiasi cha umeme. Tuseme mashine mbili zote ni za BTU 18,000, yaani kilowati 5.3. Ya kwanza huhamisha kilowati 2.8 za joto kwa kila kilowati moja ya umeme. Ya pili, yenye kompresa inayobadili mwendo, huhamisha kilowati 4. Zikifanya kazi saa 8 kwa siku, siku 25 kwa mwezi, ni saa 2,400 kwa mwaka. Kwa nguvu zote ya kwanza itakula uniti 4,540 hivi, na ya pili 3,180. Hata tukikadiria nusu ya kazi hiyo, tofauti ni uniti 680 kila mwaka kwa mashine moja. Zidisheni kwa bei iliyo kwenye ankara yenu ya umeme, ndipo mtaona ni ipi iliyo rahisi kweli. Wala msishawishiwe kununua kubwa kupita kiasi. Mashine kubwa mno hupoza upesi, huzimika, kisha huwaka tena. Unyevu hubaki chumbani, na kompresa huchoka mapema.

Ulizieni gesi pia. Msikubali mashine ya gesi ya R-22, hata ikiwa ya bei ya kutupa. Chini ya Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987, gesi hiyo inaondolewa kwa kuwa huharibu tabaka la ozoni, na nchi zinazoendelea zimewekewa mwisho wa mwaka 2030. Mwezi wa Oktoba mwaka 2016, huko Kigali kwa jirani zetu, mataifa yalikubaliana kupunguza pia gesi zilizofuata ambazo huzidisha joto la dunia. R-410A ina nguvu ya kuleta joto karibu mara 2,090 ya hewa ya ukaa. R-32 ni karibu mara 675. Hata hivyo R-32 huweza kushika moto kidogo, kwa hiyo fundi wake awe anajua kazi.

Mkataba na muuzaji uandikwe. Uonyeshe hesabu ya joto ya kila chumba, aina ya gesi, kiasi cha umeme, dhamana ya kompresa, na mahali vipuri vinapopatikana. Fundi avute hewa yote katika mabomba kwa pampu kabla ya kufungulia gesi. Kila mashine iwe na swichi yake ya usalama na kinga ya umeme unaopanda na kushuka. Kuchomeka kiyoyozi katika waya mwembamba wa taa ni kukaribisha moto. Sehemu ya malipo izuiliwe mpaka mashine ijaribiwe wakati wa alasiri, jua likiwa kali, na si asubuhi.

Hatimaye, wenye kutumia wana wajibu wao. Wekeni kipimo kwenye nyuzi 24 hadi 26. Kuteremsha hadi 18 hakuharakishi ubaridi, huongeza gharama tu. Safisheni machujio kila mwezi. Na kila siku fungueni madirisha kwa muda, hasa ukumbini ambamo watu wengi huketi pamoja, maana kifua kikuu huenea kwa hewa ya chumba kilichofungwa, na kiyoyozi kisicholeta hewa mpya hakimkingi mtu.